Nimenukuliwa mara 431, lakini 260 ni za makala moja yenye waandishi 64. Niandikeje kwenye fomu?

BintiKaole (Bagamoyo)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mtafiti wa biolojia ya molekuli hapa Bagamoyo, huu ni mwaka wangu wa 9 kazini. Nashughulika na vimelea vya malaria. Natoa DNA kwenye madoa ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, naipitisha kwenye mashine ya PCR inayozidisha nakala za DNA, halafu nasoma jeni zinazoonyesha usugu wa dawa. Nimepewa fomu ya kuomba kupandishwa daraja na siku ya mwisho kuirudisha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Inataka idadi ya machapisho, jumla ya mara nilizonukuliwa, kipimo cha h, na ile namba ya jarida (impact factor) mbele ya kila makala. Chini kabisa wameacha mistari 3 ya maelezo mengine.

Leo siku ya 4 fomu iko mezani na nimejaza jina tu, na hata hilo jina lina matatizo yake, nitafika huko.

Ukurasa wangu wa Google Scholar unaonyesha makala 12 zilizonukuliwa jumla mara 431. Nikizipanga kuanzia iliyonukuliwa zaidi zinakuja hivi: 260, 48, 31, 22, 19, 14, 11, 9, 8, 5, 3, 1. Kipimo cha h ni 8. Ukiziangalia hivyo zinapendeza. Sasa naomba niwafungulie kilichomo ndani.

Ile ya 260 ina waandishi 64 na mimi ni wa 37. Ulikuwa utafiti wa nchi kadhaa. Sehemu yangu ilikuwa sampuli 1,140 za huku kwetu, nilizitoa DNA na kuzipima mwenyewe kwa miezi 5. Sikuandika aya hata moja ya makala ile. Nilisoma rasimu yote, nikaona jedwali moja safu mbili zimepishana, nikawaandikia, wakarekebisha, nikaridhia jina langu litoke. Basi. Je, naweza kusema hizo 260 ni zangu?

Ya 19 inahusu kideri cha kuku. Sijawahi kupima kuku maishani mwangu. Ni ya mtu mwingine ambaye herufi za jina lake zinafanana na zangu, mtandao ukaniwekea mimi. Nimeiona tangu miaka 2 iliyopita na nikaiacha kwa sababu ilikuwa inaongeza namba. Naona aibu kuliandika hili lakini nikilificha hapa, hata ushauri mtakaonipa hautakuwa na maana.

Na ya 9 ndiyo ninayoipenda. Humo mimi ni mwandishi wa kwanza. Wanaoishi Pwani wanajua hewa yetu, asubuhi ukiamka shuka lina unyevu. Karatasi yenye doa la damu isipokauka vizuri kabla ya kufungiwa kwenye mfuko inaota ukungu, na baada ya mwaka ukienda kutafuta DNA unakuta vipande vipande. Mimi nilitaka kujua ni hatua gani hasa inayoharibu, na nini kinaweza kufanyika kwenye zahanati isiyo na friji. Nilikata miviringo ya milimita 3 kwa kitobozi, na kati ya sampuli moja na nyingine natoboa karatasi safi mara 5 ili damu ya mtoto mmoja isiingie kwa mwingine. Namba zote nimeandika kwa penseli, maana spiriti ikidondoka wino unatiririka na hutajua tena doa ni la nani. Kuna usiku umeme ulikatika, jenereta ikakataa kuwaka, friza ikaanza kupanda joto. Mlinzi wetu akachukua bodaboda mpaka soko la samaki akarudi na barafu ya wavuvi kwenye ndoo mbili. Tukapanga tyubu zote ndani ya barafu ile mpaka saa 10 alfajiri. Makala ile ina usiku huo ndani yake, na imenukuliwa mara 9.

Kuhusu jina. Makala zangu za mwanzo nilitumia jina langu na la baba. Baadaye mhariri mmoja akaomba jina la ukoo nikampa la babu. Na cheti changu cha kuzaliwa kina neno "bint" katikati, basi jarida moja likalichukua kama jina na kuligeuza herufi B. Sasa kuna makala 2 zangu zisizoonekana kabisa kwenye ukurasa wangu.

La mwisho linaniuma. Kabla sijaja hapa nilifanya kazi maabara nyingine, siitaji. Picha 2 za jeli (zile zinazoonyesha mistari ya DNA) zilizo kwenye makala yao moja ni za mikono yangu, jina langu likawekwa kwenye shukrani. Nilipouliza nikajibiwa kwamba watu wa maabara walilipwa mshahara, kwa hiyo wameshapata haki yao.

Naomba mwongozo. Niandike 431 kama mtandao unavyosema? Niitoe ile kubwa? Na hivi makala iliyonukuliwa mara 9 kwa miaka 4, ni kwamba haina thamani? Naomba kuwasilisha.

Kijana_Chumbageni (Tanga)

Dada yangu pole na majukumu. Mimi niko shahada ya pili, sina uzoefu mkubwa, ila naona watu wanafanikiwa hivi: kuna makundi ya WhatsApp ya watafiti, kila mtu anaweka makala zake na wenzake wanazinukuu kwenye kazi wanazoandika. Ndani ya mwaka hiyo 9 inaweza kufika 40. Hakuna anayeumia. Ukitaka nikuunganishe niambie. Nasema kwa nia njema, sipendi kuona mtu anayefanya kazi hivyo anaachwa nyuma.

MzeeMuheza (Muheza, Tanga)

Marahaba mwanangu BintiKaole. Marahaba na wewe kijana wa Chumbageni japo hukuniamkia.

Nianze na kijana. Kundi hilo ondoka. Kunukuu ni kumwambia msomaji, "hili nililosema limesimama juu ya lile." Ukinukuu kazi ambayo hukuitegemea umemdanganya msomaji, na akiifuata hatakuta kitu. Na usidhani hawaonekani. Kila mwaka kampuni ya Clarivate hutoa orodha ya watafiti walionukuliwa zaidi duniani, na mwaka 2023 iliwaondoa zaidi ya 1,000 kabla ya kuitangaza kwa sababu ya mienendo ya kutia shaka. Mtu akishatolewa kwenye orodha namna hiyo, atamweleza nani kwamba nia ilikuwa njema?

Sasa wewe binti. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nimestaafu. Nimesoma slaidi za damu kwa darubini miaka 31, na PCR imenikuta nikiwa mtu mzima. Nakueleza ninavyoelewa.

Kwanza toa kuku. Leo, kabla ya kulala. Sio kwamba watakukamata, ila kila utakapoitaja ile namba kwa sauti utajua kuna kuku ndani. Zikibaki zako 11, jumla inakuwa 412.

Halafu tuangalie hicho kipimo cha h, maana watu wanakiandika bila kujua kimetoka wapi. Alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Unapanga makala zako kama ulivyozipanga, kubwa juu, ndogo chini, unaanza kuhesabu kushuka. Ya 1 ina 260, inapita. Ya 2 ina 48, inapita. Unashuka hivyo mpaka ya 8 kwenye orodha yako isiyo na kuku, ina 8, imepita kwa kugusa. Ya 9 ina 5, imekwama. Basi h yako ni 8. Sasa fumba jicho moja, iondoe ile ya 260. Jumla yako inaporomoka kutoka 412 hadi 152. Lakini h inatoka 8 inakuwa 7 tu. Umeona? Kipimo kile kilitengenezwa hivyo makusudi, makala moja kubwa isimbebe mtu na isimzamishe. Akitokea wa kukuogopesha kwamba wewe ni mtu wa makala moja, hesabu yenyewe inamkatalia. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kwenye makala ile ile kwamba namba moja haiwezi kumweleza mtu zaidi ya kwa kukadiria.

Pia h haishuki kamwe, hata ukiacha kazi leo ukalima machungwa. Kwa hiyo mwenye miaka 30 kazini lazima atakuzidi wewe wa miaka 9, na wa biolojia ya molekuli atamzidi wa hisabati kwa sababu sisi tunaandika wengi na kunukuliana sana. Wakikulinganisha, wakulinganishe na mtu wa fani yako na wa umri wako wa kazi. Liandike hilo kama kuna nafasi.

Ile namba ya jarida ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Inapatikana kwa kuhesabu makala za jarida zilizotoka ndani ya miaka 2 iliyopita zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida zima. Ndani ya jarida hilo makala chache zinanukuliwa mara mia na zaidi, nyingi zinanukuliwa kidogo, zipo zisizonukuliwa kabisa. Kumpima mtafiti kwa namba hiyo ni kama kununua chungwa moja hapa Muheza kwa kuangalia lori lililolibeba. Desemba 2012 wanasayansi na wahariri walikutana San Francisco kwenye mkutano wa wataalamu wa biolojia ya seli wakaandika azimio, linaitwa DORA, linasema wazi namba ya jarida isitumike kupima makala ya mtu au mtu mwenyewe anapoajiriwa au kupandishwa. Fomu yako wanaitaka, jaza, sheria ya mwajiri ni sheria. Ila pembeni ya kila namba ya jarida weka na idadi ya mara makala yenyewe ilivyonukuliwa. Msomaji mwenye akili ataangalia ya pili.

Sasa makala yako ya 260. Umeuliza kama ni yako. Mwanangu, ulipima sampuli 1,140, ukasoma rasimu, ukakamata kosa kwenye jedwali, ukaridhia itoke. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti 4 ya mtu kuitwa mwandishi: uwe umechangia kwa uzito, iwe kubuni utafiti, kukusanya data au kuichambua, uwe umeandika au umeipitia rasimu kwa jicho la kuhoji, uwe umeridhia toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Umetimiza. Usijitoe mwenyewe pale wenzako walipokuweka. Kinachotakiwa ni kusema ulifanya nini humo.

Nakupa mfano wa nyumbani. Majaribio ya awamu ya 3 ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, watoto 15,459. Vituo viwili vilikuwa vyetu: Bagamoyo kwenu, Korogwe huku kwetu. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2011 kwenye New England Journal of Medicine, na pale juu panapokaa jina la mwandishi pameandikwa jina la ushirika mzima, RTS,S Clinical Trials Partnership. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo ile. Chukua sasa kijana aliyekuwa anakimbiza sampuli Korogwe kwenye boksi la baridi barabara ikiwa tope. Ukimpima kwa kipimo cha h utapata nini? Pengine hakuna. Na mtoto wa Kenya anayechomwa chanjo ana haja gani na h ya mtu? Kazi yenu ni ya mikono mingi, na kipimo cha mtu mmoja mmoja kinaikamata vibaya tangu mwanzo.

Ile iliyonukuliwa mara 9 nimeiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo uliyoileta kifuani. Makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani, zaidi ya mara 300,000, ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, na inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika. Njia ya maabara tu, kama yako. Wakati huo huo makala ya Watson na Crick ya 1953 iliyofichua umbo la DNA, ambayo kazi yako yote imekaa juu yake, haikuwemo hata kwenye orodha ya 100 za juu ilipochapishwa mwaka 2014. Lowry mwenyewe alikiri mwaka 1977 kwamba anajua si makala kubwa. Watu wananukuu wanachokitumia mezani, na kile ambacho kimeshakuwa maarifa ya kila mtu hawakitaji tena. Kwa hiyo namba inasema makala imetajwa mara ngapi. Haisemi zaidi ya hapo.

Na kuna kutumika kusikohesabika. Miaka ile dawa ya malaria ya SP inashindwa mkoa wetu wa Tanga, vipimo vya jeni ya kimelea iitwayo dhps, inayohusika na usugu wa SP, vilionyesha badiliko kwenye kodoni (nafasi) ya 581. Mama wajawazito bado wanapewa SP kliniki kama kinga, kwa hiyo mpaka leo mtu lazima aendelee kuiangalia jeni ile. Mwongozo wa matibabu ukiandikwa, muuguzi akaufuata, hakuna kompyuta ya Google inayoongeza moja kwenye ukurasa wa aliyepima. Wewe unajua kama kuna zahanati imeanza kukausha karatasi kwa njia yako. Kama ipo, hilo ni la kuandikwa kwenye mistari yako 3.

Kuhusu wale wa shukrani. Kwenye masharti 4 niliyokutajia mshahara haumo. Profesa naye analipwa mshahara na jina lake liko. Makala imeshatoka, kuipigania sasa pengine utachoka bure, lakini kuanzia leo kabla hujagusa sampuli ya mtu andika barua pepe uulize: kazi hii ikichapishwa, mimi nitakuwa nani? Subiri jibu ndipo ushike pipeti. Siku hizi majarida mengi yana orodha ya majukumu 14, kila mwandishi anatajwa alifanya lipi, aliyepima anaandikwa alipima. Waombe waitumie.

Mkutubi_Ngamiani (Tanga)

Mzee Muheza amemaliza, mimi niongezee la jina maana ndiyo kazi yangu ya kila siku maktaba.

Dada, tatizo lako ni la watu wetu wengi. Mifumo hii imetengenezwa na watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo lisilobadilika vizazi na vizazi. Sisi tuna jina letu, la baba, la babu. Kaka yako na mtoto wake hawashiriki "jina la ukoo" wanavyolielewa wao. Na sisi huku Pwani mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa, sasa mhariri akiuliza jina la familia unabaki kuchagua, na leo unachagua hili, kesho lile. Nimemhudumia mtafiti mmoja aliyekuwa watu watano kwenye mtandao, mmoja wao "Bin".

Fanya hivi. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, usiibadilishe tena mpaka unastaafu. Jiandikishe ORCID, ni bure, ilianza mwaka 2012, unapewa namba ya tarakimu 16 ambayo ni yako peke yako hata mkifanana majina na nusu ya Bagamoyo. Makala zako zote ziunganishe na namba hiyo, pamoja na zile 2 zilizopotea kwenye "B". Kwenye Google Scholar ingia kwenye ukurasa wako, weka alama kwenye makala ya kuku, ifute. Halafu bonyeza alama ya kuongeza, tafuta kwa kichwa cha makala, usitafute kwa jina, utaziona zako 2. Scopus, hifadhidata nyingine ya machapisho, ni tofauti kidogo, pale unawaandikia ombi la kuunganisha wasifu, wanajibu baada ya siku kadhaa, kwa hiyo anza leo hii.

Jambo jingine, ukiandika namba kwenye fomu andika umeitoa wapi na tarehe gani. Google Scholar inahesabu tasnifu, ripoti, mpaka vitini vilivyowekwa mtandaoni. Scopus na mwenzake Web of Science zinahesabu machapisho waliyoyakubali tu. Mtu yule yule anaweza kuwa na 400 huku na 250 kule na hakuna aliyeongopa. Kamati ikikuta mwenzako katumia moja na wewe nyingine, tarehe na chanzo ndivyo vitakavyokulinda.

Na kama unaweza, mtafute mwenye kuku umwambie. Yeye naye pengine anajaza fomu.

Kijana_Chumbageni (Tanga)

Shikamoo Mzee, nimekosa na naomba radhi kwa kutokuamkia. Nimejitoa kwenye kundi. Kuna makala yangu moja niliyonukuu kazi 2 za watu wa kundi ambazo sikuzisoma, bado iko kwa wahariri. Nitawaandikia nizitoe.

MzeeMuheza

Marahaba mwanangu. Waandikie mapema, kabla hawajairudisha.

BintiKaole (Bagamoyo)

Wakuu nimerudi. Mzee wangu wa Muheza, shikamoo tena, nilisoma ujumbe wako nikausoma kwa mama kwa sauti, akasema nikuambie anakusalimia sana. Mkutubi, ahsante, nimefuata hatua zako zote mpaka saa 8 usiku.

Kuku wametoka. Zile makala 2 zimepatikana, moja imenukuliwa mara 12, nyingine 2. Kwa hiyo sasa nina makala 13 na jumla ni 426. Zimepangika hivi: 260, 48, 31, 22, 14, 12, 11, 9, 8, 5, 3, 2, 1. Nikahesabu kama Mzee alivyonifundisha, kwa kidole, bila kompyuta. Ya 8 ina 9, inapita. Ya 9 ina 8, imekwama. Kipimo cha h ni kile kile 8.

Halafu nikafumba jicho moja. Nikaiondoa ya 260. Jumla inabaki 166, na nikianza kuhesabu upya ya 8 inaangukia kwenye makala yenye 8. Bado ni 8, Mzee! Mwanzo ingeshuka kuwa 7, ila ile ya 12 iliyokuwa imepotelea kwenye "bint" imeziba pengo. Nimerudia hesabu mara 3 kwa sababu sikuamini. Miaka yote hii nilikuwa nashikilia kuku wa mtu kumbe yangu mwenyewe iko nje inanisubiri.

Mistari yangu 3 nimeiandika hivi, kama kuna wa kurekebisha anirekebishe kabla ya Ijumaa:

"Namba zimetoka Google Scholar, na tarehe nimeiweka hapo juu. Kati ya 426, mara 260 ni za makala ya waandishi 64 ambamo nilitoa DNA na kupima sampuli 1,140 na kupitia rasimu. Bila makala hiyo ni 166, na kipimo cha h ni 8 kwa hesabu zote mbili. Makala ya kukausha karatasi za damu, ambayo mimi ni mwandishi wa kwanza, imenukuliwa mara 9, na njia yake inatumika sasa kwenye zahanati 3 tunazochukua sampuli, moja ikiwa Kiwangwa."

Hizo zahanati sikuwahi kufikiria kuzitaja. Jana nilimpigia muuguzi wa Kiwangwa kuhakikisha kama bado wanakausha usiku kucha kwenye rafu ya waya kabla ya kufunga mfuko. Akasema ndiyo, na kwamba amemfundisha na mwenzake aliyehamia juzi. Aliniuliza kwani kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nilitaka tu kujua.

Kwenye ile maabara ya zamani sitarudi kudai. Ila wiki hii kuna kundi jipya limeomba nipime sampuli zao, nikawaandikia swali la Mzee kama lilivyo: kazi hii ikichapishwa, mimi nitakuwa nani? Wamejibu siku hiyo hiyo, nimewekwa mwandishi wa 2 na wamekubali kuandika majukumu ya kila mtu. Kumbe lilikuwa swali la kuulizwa tu.

Na mwenye kuku nimempata. Ni daktari wa mifugo mkoa mwingine, nilipata barua pepe yake kwenye makala yenyewe. Nikamweleza yote, hata ile miaka 2. Amenijibu leo asubuhi. Hakuwa na ukurasa kabisa, na hakujua kwamba kazi yake imewahi kunukuliwa na mtu yeyote. Ameniuliza kama nina uhakika ni mara 19.